Kalunde Mwangangi, Aliyewabebesha Wakubwa Mawe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Muthoki, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Mama jinsi tunavyoyajua sisi, si jinsi yalivyojazwa kwenye fomu.

Mama yetu, Kalunde Mwangangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Migwani, Kitui, akasoma huko hadi kidato cha nne mwaka 1979, kisha akaajiriwa kuwa afisa wa maendeleo ya jamii, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2021. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na baba yetu, Mwangangi, wa hapa Kilungu, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Kitonga.

Mwaka 2023, akiwa mwenyekiti wa mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi kwa mikono, aliomba saruji ya bwawa la mchanga, ule ukuta wa mtoni unaozuia mchanga ili ushike maji chini yake, ombi likafika kwa serikali, kwa wafadhili na kwa kampuni moja, na wote wakakubali kutoa, mradi kwanza wapatane "ubunifu wa kijamii", jina walilolipa ombi hilo, maana yake ni nini. Serikali ilisema ni huduma, wafadhili wakasema ni mabadiliko, kampuni ikasema ni biashara, vikao sita vikapita hotelini, chai kwa mandazi, huku akina mama wakitembea kilomita saba kutafuta maji, na mvua ya Novemba ikiwa imebakisha wiki tano. Kikao cha saba Mama alikiita mtoni, na kwa desturi ya mwethya hakuna anayehutubu kabla ya kubeba mawe, hata mkurugenzi wa viatu vya kung'aa, aliyeuliza, "Kwani mama, hii iko kwa ajenda?" akajibiwa, "Iko, mkubwa, ndiyo hiyo umeshika." Kufikia saa sita walitia sahihi sentensi moja, kwamba ni kazi ambayo kila mtu ameshika upande wake na hakuna awezaye kusema ni yake, na saruji ikaja kabla ya mvua.

Januari 2025 alipatikana na saratani ya tumbo, na siku tatu kabla ya kutuacha alimwuliza Kitonga pale bwawani akina mama wanachimba mchanga kiasi gani ndio wapate maji, akaambiwa ni kiasi cha kiwiko, akauliza, "Kiwiko cha nani?" Alifariki tarehe 11 Juni 2025, akiwa na miaka 64.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, kanisa, na wenzake wa kazi. Barua tatu za rambirambi zimetufikia kutoka ofisi zile tatu, ya serikali, ya wafadhili na ya kampuni, moja ikimwita mdau, moja mnufaika, moja mbunifu, na ninyi wenye ofisi hatuwaombi mkae kikao mpatane alikuwa nani, kwa kuwa asubuhi hii tumewaona mkichimba kaburi, kila mmoja na koleo lake, na hakuna aliyengoja kuitwa.

Amani ya Bwana ikupumzishe, Mama.