Rejeta Ndogo ya Gari la Maiti

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali, limebanwa kati ya mlango wa kinyozi na ukuta wa gereji. Asubuhi ile ya Alhamisi walikaa watatu badala ya wanne. Fundi cherehani waliyemwita Sindano alikuwa amefariki Jumanne, na mahali pake, upande wa kivuli, hakuna aliyethubutu kupakalia. Waliokuwepo ni Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja. Profesa, mstaafu wa stoo ambaye hakuwahi kumfundisha mtu chochote lakini ana jibu la kila kitu. Na Taratibu, dereva wa gari la maiti, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wa kazi yake. Mama Birika, muuza kahawa, aliwamiminia bila kuuliza nani anataka sukari. Taratibu alishika kikombe kwa mikono miwili, asinywe. Mazishi yalikuwa Jumamosi, yeye ndiye angempandisha Sindano mlimani kwenye makaburi, na gari lake lilikuwa gonjwa.

Ugonjwa wenyewe mtaa mzima uliujua. Gari la zamani, la gia za mkono, lilikufa mwaka jana. Tajiri wa Taratibu akaleta jingine, refu, jeusi, otomatiki. Kwenye tambarare halina neno. Lakini wiki tatu nyuma, likiwa limebeba jeneza na waombolezaji wanalifuata kwa miguu, lilifika usawa wa geti la kliniki, katikati ya mlima wa makaburi, injini ikanguruma na gari lisisogee hata hatua. Harufu ya kuungua ikatapakaa. Wanaume sita walilitoa jeneza wakalibeba mabegani mpaka juu, na Taratibu akabaki peke yake ameshikilia usukani. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

— Mimi nasema injini imechoka, Kipara alianza.

— Injini haina tatizo, Taratibu alisema. Inalia vizuri tu. Gia ndiyo haishiki.

— Basi ni mzigo. Yule marehemu wa siku ile alikuwa na mwili.

— Wewe! Mama Birika alimkemea. Maiti hasemwi unene.

— Sijamsema, dada. Nimetaja kilo.

Profesa akakohoa mara mbili. Akikohoa mara mbili, ujue methali iko njiani.

— Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Oili ya gia ikichemka, msiipooze. Ichemsheni zaidi, izoee.

— Izoee nini, mzee?

— Joto. Kama mpishi.

— Hapana, Kipara alisema. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Maana yake, panda kinyumenyume. Rivasi ina nguvu kuliko gia zote.

— Nimpeleke Sindano makaburini kinyumenyume?

— Wewe utakuwa unatutazama sisi tunaomfuata. Mbona ni heshima hiyo?

Mama Birika alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kanga, kama mtu aliyekumbuka kuwa yuko msibani.

— Barafu, Profesa alisema. Vipande viwili vikubwa, vifungwe chini ya gari kwa kamba. Penye miti hapana wajenzi.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia. Fikiria.

— Na barafu ikiyeyuka kabla ya geti la kliniki?

— Basi waombolezaji waje kila mmoja na kipande chake.

Hapo ndipo fundi wa gereji, waliyemwita Gia, alipotokeza kwenye kona ya ukuta akijifuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe. Muda wote alikuwa akiwasikia.

— Mnatwanga maji kwenye kinu, alisema. Mama, nipe na mimi.

Alikunywa amesimama.

— Otomatiki haina klachi ya kukanyaga, alimwambia Taratibu. Nguvu ya injini inapitia kwenye oili. Gari likikimbia, sawa. Likitambaa mlimani na mzigo, ile oili inakorogwa tu, joto linapanda, linapanda. Ikishaungua haishiki tena.

— Si inapita kwenye rejeta ikapoe?

— Inapita. Lakini saa hiyo maji ya rejeta nayo yamechemka. Ni kama kumpeleka mwenye homa akapoe kwa mwenye homa mwenzake.

— Sasa tufanyeje, kaka?

— Tunaiwekea rejeta yake. Ndogo, ya nje, ya oili ya gia peke yake. Oili ikitoka kwenye rejeta kubwa inapitia hapo, inapigwa upepo, ndipo inarudi kwenye giaboksi.

— Ndiyo niliyokuwa nasema, alisema Profesa.

— Ulisema ichemshwe.

— Kabla ya hapo.

Mchana huo Taratibu alichuchumaa gereji akishika tochi. Gia alipochomoa kijiti cha kupimia, oili iliyotakiwa kuwa nyekundu ilitoka na rangi ya kahawa ya jana, na harufu ileile ya siku ya aibu. Taratibu aligeuza uso. Oili yote ilimwagwa, chujio likabadilishwa, ikatiwa oili mpya. Rejeta ndogo ilikuwa na ukubwa wa daftari la shule. Gia aliifunga mbele ya ile kubwa, akaacha nafasi ya kidole katikati zisisuguane. Mipira ya kuiunganishia aliyoichagua ilikuwa ya oili, si ya maji. Ya maji, alisema, italainika ipasuke hapohapo mlimani. Alikaza kila kibano, akakipapasa kwa kidole gumba, akarudia kukikaza. Mwisho akafunga geji ya joto mbele ya dereva.

— Litapanda? Taratibu aliuliza.

— Kesho tutaliuliza lenyewe.

Ijumaa asubuhi walipakia mifuko ya mchanga mahali pa jeneza. Kipara aliapa kwamba yeye nyuma ya gari lile hakai, hata kwa majaribio, kwa hiyo yeye na Profesa walipewa kazi ya kutembea nyuma kama waombolezaji ili mwendo uwe wa kweli. Gia alikaa mbele, macho kwenye geji. Walipita geti la kliniki, na Taratibu akashusha pumzi. Mapema mno. Kwenye kona ya mwisho mshale ulikuwa umeshapanda hadi karibu na nyekundu.

— Simama, Gia alisema.

Walishuka. Kipara na Profesa wakafika wakihema.

— Nafuu kuliko zamani, Gia alisema, ila haitoshi. Nilisahau kitu. Rejeta inataka upepo, na sisi tunakwenda mwendo wa watu wanaolia. Upepo utatoka wapi?

— Wajomba wa marehemu watembee mbele wakipepea kwa makuti, alisema Profesa.

— Au tulipulizie kwa mashine yangu ya kukaushia nywele, alisema Kipara.

— Wewe una mashine ya kukaushia nywele? Za nani?

Gia hakuwasikiliza. Alikuwa ameinama mbele ya gari, akipima kwa kiganja.

— Feni, alisema. Nitaiwekea feni yake, ya umeme, na swichi karibu na usukani. Twende chini.

Saa nane walipanda tena. Taratibu alibonyeza swichi, feni ikavuma kwa chini, na gari likatambaa. Getini mshale ulikuwa katikati. Kona ya mwisho, katikati. Juu kabisa, mbele ya makaburi, alizima injini, akafungua mlango ashuke, kisha akarudisha macho kwenye geji. Akakaa kidogo.

— Kaka, vipi? Gia aliuliza.

— Ngoja tu. Nakuja.

Jioni ile benchi lilikuwa na kelele. Kipara alimsimulia kila mpita njia, na kila akisimulia mlima ulikuwa mkali zaidi. Profesa alikuwa tayari ameanza kusema "feni yetu". Ndipo mjane wa Sindano alipofika, mkononi ameshika suti ya marehemu iliyotoka kupigwa pasi. Wote wakasimama.

— Pole, shemeji.

— Nimeshapoa. Kaeni, shemeji zangu.

Akakaa, pale upande wa kivuli, pasipo kujua ni mahali pa nani, au labda akijua. Mama Birika alimpa kahawa.

— Usiwe na wasiwasi wa kesho, Taratibu alimwambia. Litafika. Tumelijaribu leo mara mbili.

— Tumeshinda gereji, shemeji! Kipara alidakia. Kwa ajili ya Sindano hakuna kulala!

— Nimesikia. Asanteni sana.

Alikunywa kidogo.

— Hiyo kazi ya rejeta ni kubwa?

— Siku mbili tu, Gia alisema. Ukijua unachofanya.

— Siku mbili.

Aliizungusha kahawa ndani ya kikombe. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ya mtu anayeuliza njia.

— Mume wangu alikuwa anapanda kliniki kila Jumatano. Miaka miwili, kwa miguu, na kile kifua. Alikuwa anapumzika njiani mara nne, mara tano. Hili gari Jumatano huwa na kazi gani?

Kipara aliangalia viatu vyake. Gia alichukua kile kitambaa akaanza kufuta mikono iliyokuwa safi. Profesa alikohoa mara mbili, na methali haikuja.

Taratibu alikuwa na jibu, lakini kila alipolifikisha mdomoni lilizidi kuwa dogo. Jumatano alikuwa akiwapelekea wachimba makaburi vifaa vyao, majembe mawili na sepetu, na kiti cha mbele kitupu. Alimkuta Sindano njiani mara nyingi, ameegemea ukuta, mkono kiunoni. Alimpigia honi. Sindano aliinua mkono. Kusimamisha gari la maiti mbele ya mgonjwa na kumwambia "panda" aliona ni uchuro. Alijua watu wangesemaje. Siku zote alidhani kule kupita bila kusimama ni kumwonea huruma.

— Huwa tupu, shemeji, alisema mwishowe.

Mjane akatikisa kichwa polepole.

— Nilitaka kujua tu.

Alimaliza kahawa, akashukuru, akaichukua suti yake akaenda. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kipara, likatoa tone moja. Hakuna aliyedai zaidi. Waliondoka mmoja mmoja kabla ya jua kuzama, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye benchi lile.

Jumamosi gari lilipanda. Feni ilivuma, mshale ukatulia katikati, na Sindano akafika juu kwa magurudumu, bila kubebwa na bega la mtu. Hakuna aliyelisifia gari, na Taratibu hakutaka lisifiwe. Gia alilia wazi, kitambaa cha gereji usoni, kikamwachia mistari miwili ya oili mashavuni.

Jumapili Taratibu alikwenda kwa tajiri wake. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Tajiri alimtazama.

— Wagonjwa? Kwenye gari la maiti?

— Kiti cha mbele, bosi. Jumatano tu. Si linapanda tupu?

— Nani atakubali kupanda?

— Sijui.

— Haya. Lakini lioshwe kwanza, ndani na nje.

Jumatano asubuhi Taratibu aliliegesha chini ya mlima, limeng'aa, mlango wa mbele wazi. Mzee wa kwanza mwenye fimbo alipoliona alivuka upande wa pili wa barabara haraka kuliko fimbo yake.

— Mimi bado, kijana! alipiga kelele. Bado kabisa!

Wa pili alimshukuru sana, akasema leo anajisikia kutembea, akaenda akihema. Taratibu alibaki ameshika mlango, masikio yakiwa moto kwa aibu. Alikaribia kuufunga.

Akaja mama mmoja, miguu imemvimba mpaka kandambili haziingii sawasawa. Alisimama. Alitazama mlima, akalitazama gari, akautazama mlima tena.

— Mbele au nyuma? aliuliza.

— Mbele, mama! Mbele hapa!

— Basi nishike mkono.

Alipanda kwa shida, akajiweka sawa, akaukumbatia mkoba wake.

— Dirisha hili linashuka lote?

— Linashuka, mama.

— Lishushe.

Taratibu alibonyeza swichi ya feni, na gari likaanza kupanda. Yule mama alitoa mkono wote nje. Njia nzima alikuwa akisalimia watu kwa sauti, aliowajua na asiowajua, akiwauliza hali za nyumbani kwao, na waliokuwa wameshavua kofia kwa heshima ya maiti wakazivaa tena.