Mwalimu Asteria na Binti Aliyerudishwa Nyumbani

Padre wetu, wazee wa Ushirombo na wa Ibadakuli, wakufunzi, wanachuo, majirani na ndugu wote mliokubali kukaa juani kwa ajili yetu, familia inaleta mbele yenu maisha ya Mwalimu Asteria Apolinari, yakiwa vile alivyoagiza yaletwe, na alikuwa mtu wa kuagiza, hilo mnalijua.

Asteria alizaliwa tarehe 3 Mei 1964 huko Ushirombo, wilayani Bukombe, mtoto wa nne wa Mzee Apolinari na Mama Anisia, wakulima wa mahindi na karanga, akabatizwa akiwa bado mchanga kabisa, na siku hiyo alilia kanisani hadi bibi yake akasema huyu atakuwa ama mwalimu ama mgomvi, naye hakuona sababu ya kuchagua, akawa yote mawili.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Ushirombo tangu mwaka 1972 hadi 1978, kisha sekondari kwa masista tangu 1979 hadi 1982, akajiunga na chuo cha ualimu, na tarehe 1 Februari 1985 akaripoti kazini Masumbwe, wakati ule Masumbwe ikiwa bado ya tumbaku na pamba, kabla dhahabu haijawachanganya watu akili. Mshahara wake wa kwanza ulichelewa sana, akaishi kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyopewa na wazazi wa wanafunzi, kwa hiyo njaa ya mwalimu mgeni hakuisoma kitabuni, aliijua kwa tumbo lake mwenyewe, na njaa hiyohiyo ndiyo iliyompa baadaye wazo lililomuumiza.

Tarehe 9 Septemba 1989 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Edson Januari, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mzaliwa wa Ibadakuli, mtu wa maneno machache, na ilikuwa heri, maana mwenzake alikuwa nayo ya kuwatosha wawili. Mungu aliwajalia watoto watatu, Festo, Ritha na Eunice, na wajukuu watano. Mwaka 1998 alihamia Shinyanga kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, na mwaka 2006 akapewa uratibu wa mafunzo kwa vitendo, yaani ile kazi ya kuwapeleka walimu tarajali mashuleni wakafundishe watoto halisi, kuwatafutia pa kulala na cha kula, kisha kuwafuata na kukaa nyuma ya darasa akiwasikiliza.

Hapa ndipo wazee wa familia walipotaka tuendelee moja kwa moja hadi kustaafu kwake, wakisema kwamba aibu ya marehemu huzikwa naye. Lakini Asteria, akiwa kitandani, alimwita Festo akamwambia kwamba kama Limi hatatajwa, basi historia yake isisomwe kabisa, watu waimbe tu na kumzika.

Mwaka 2011 fungu la mafunzo kwa vitendo halikuja kwa wakati. Miaka yote chuo kilikuwa kikiwapanga vijana kwa makundi, wanapanga chumba karibu na shule, wanapika pamoja, na posho inawashikilia hadi mwisho, lakini mwaka ule posho haikuwepo na kalenda za shule hazisubiri. Katika kikao cha wakufunzi Asteria akatoa wazo lake, kwamba kila kijana apelekwe shule iliyo karibu na kwao, alale kwa wazazi, ale kwa wazazi, fungu likija litawakuta hukohuko. Alipigiwa makofi ya kilo. Jioni ile alirudi Ibadakuli akichekacheka, akachinja jogoo, akamwambia mumewe kwamba chuo kizima kilikuwa na vichwa lakini kilichofanya kazi ni kimoja.

Miongoni mwa vijana hao alikuwemo Limi, binti wa Mzee Maige wa Samuye, mfugaji, msichana mpole aliyekuwa anaandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza. Alipelekwa shule ya jirani na kwao. Wiki ya nne Asteria alipokwenda kumkagua, alilikuta darasa la tatu halina mtu, mwalimu mkuu akamwelekeza nyumbani, na nyumbani akakuta watu wanakula, kwa sababu mahari ya Limi ilikuwa imekwishapokelewa, na ng'ombe wenyewe walikuwa wameshapita, kaka yake Limi alikuwa amewatoa mahari kuoa mke wake. Kwa wale wasiojua mila zetu, ng'ombe wakishafika hapo hakuna wa kuwarudisha, maana kuwarudisha ni kuvunja nyumba ya pili.

Asteria alipandisha sauti, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mzee Maige hakupandisha ya kwake, alimpa kigoda, akamjibu: "Mwalimu, binti akirudi kwa baba yake na sanduku lake, katikati ya masomo, bila hata shilingi, maana yake karudishwa. Mimi ningeuliza nini?"

Asteria akakikalia kigoda, yeye aliyelelewa hukuhuku, aliyejua fika kwamba sanduku mlangoni linasema kuliko barua, na hakuwa amekwenda kwa mzazi hata mmoja kueleza. Limi hakutoka ndani kumwamkia, alimtuma mdogo wake na maji ya kunywa, na Asteria aliyanywa yote, kisha akaondoka.

Tangu hapo alibadilika. Wenzake walimwambia ni bahati mbaya, akawajibu kwamba bahati haikuwemo kwenye kikao, yeye ndiye aliyekuwemo. Alizunguka Mbogwe na Geita yote, vijiji vya wakulima na kambi za wachimbaji, akagonga milango ya maparoko, ya halmashauri na ya wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, hadi vijiji vikakubali kutenga nyumba na unga kwa walimu tarajali kabla fungu halijafika, na lisipofika, kijana asilale njaa. Hakuna aliyerudishwa kwao tena, na kila aliyepangiwa kituo, Asteria alikwenda kwanza kwa wazazi wake. Walipotaka kumpa zawadi ya mratibu bora alikataa kwenda kuipokea, tukadhani ni majivuno.

Kila mwaka kabla ya msimu wa vitendo alikwenda kwa Limi kumsihi arudi chuoni, na kila mwaka Limi alimwamkia shikamoo, akampikia, akamsikiliza. Mwaka 2021 Limi, tayari mama wa watoto watatu, alimwambia taratibu kwamba akitaka kusoma atasoma kwa ajili yake mwenyewe, ila mwalimu asimfanye yeye dawa ya usingizi wake. Asteria hakwenda tena, wala usingizi haukuja.

Alistaafu tarehe 3 Mei 2024. Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Shinyanga na baadaye Mwanza, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, alifariki dunia akiwa na wanawe wote watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyewasahihisha, majirani wa Ibadakuli kwa kuni, maji na kukesha, wakufunzi wenzake, na vijana wake mliokuja kutoka Masumbwe na mbali zaidi, wabeja sana, yaani asanteni sana.

Limi naye yupo, kaja tangu juzi, anapika na kina mama pale nyuma. Kabla ya kuandika haya Ritha alimwendea kumwomba ruhusa ya kumtaja, na hakumuuliza kama amesamehe, kwa kuwa si letu kuuliza. Limi aliendelea kupepeta mchele, akasema: "Someni tu. Ila mseme pia kwamba nilikuwa nafundisha vizuri."

Basi, mbele ya padre, mbele ya walimu na mbele ya jeneza hili, familia inasema kwamba Limi Maige alikuwa anafundisha vizuri.

Mwalimu Asteria, historia yako tumeisoma yote, hatukuruka kitu. Sasa lala, mama, na upumzike kwa amani.