Maziwa ya Nani, Yamekamuliwa Lini

Kifuniko cha sufuria kiligonga mara moja, taratibu. Nje kulikuwa bado giza. Katika nyumba ya mwisho ya mtaa wa West Indies, Mama Nanzala alikuwa ameamka kungoja maziwa.

Wasikilizaji wapendwa, ndivyo siku zake zilivyoanza, miaka mingi. Leo tunamkumbuka Mama Nanzala. Alitunza maktaba ya shule. Alipostaafu, akawafunza watoto wa mtaa kutafuta habari za kweli kwenye mtandao.

Kuria, mchuuzi wake, alileta maziwa kutoka mji wa Burnt Forest, ukungu ukiwa bado umemkalia mabegani. Kabla hajashusha mtungi, sauti tulivu ilitoka mlangoni.

"Ni ya ng'ombe wa nani?"

"Wa mama yangu, Mama. Yule yule wa jana."

"Yamekamuliwa lini?"

"Ai, Mama! Hata kortini siulizwi hivi!"

Walicheka. Halafu alimpa Kuria kikombe cha chai, kwa sababu alikuwa ameona vidole vyake vimekufa ganzi.

Jumamosi watoto waliizunguka kompyuta moja kuukuu sebuleni, mwanga wake ukiwaelea usoni kama wa ndotoni. Siku moja Waithira, wa miaka kumi na mmoja, alinakili kutoka mtandaoni kwamba viazi vikipandwa mwezi ukiwa mpevu haviozi.

"Ukurasa huu ni wa nani?" Mama Nanzala aliuliza.

"Sijui. Ndio umetokea wa kwanza."

"Kuria pia hufika wa kwanza, na bado namuuliza."

Wakatafuta pamoja. Jina la mwandishi halikuwapo. Tarehe haikuwapo. Chini kabisa, mtu alikuwa anauza mbegu za viazi. "Sasa twende boma la pili," alisema. Ndivyo alivyoita kutafuta mtu mwingine anayelijua jambo lenyewe.

Binti yake, Nangila, anatuambia: "Mama hakumwambia mtoto amekosea. Alisema, twende tuulize. Mwaka ule wa ghasia, tulipohama Burnt Forest, maneno ya uvumi ndiyo yalitukimbiza kwanza, moto ukafuata. Hatukujua yametoka kwa nani. Hilo hakulisahau."

Mwaka huu, mwezi wa nne, Mama Nanzala akaugua. Asubuhi moja ujumbe ukapita kwa simu zote za mtaa: Mama Nanzala ametuacha. Majirani wakaanza kukusanya viti vya matanga.

Waithira aliusoma kwa simu ya mama yake.

"Nani ameandika?"

"Imetumwa tu, mwanangu. Kila mtu anaituma."

"Basi naenda boma la pili."

Alimpitia rafiki yake Otiende. Walitembea kwenye ukungu mpaka nyumba ya mwisho. Walipofika mlangoni, Waithira aliinua mkono abishe, akashindwa.

Ndani, kifuniko cha sufuria kikagonga. Wakausukuma mlango.

Mama Nanzala alikuwa ameketi karibu na jiko, amejifunika blanketi, mwembamba, macho yake yaking'aa.

"Mama," Otiende akasema, "wanasema umekufa."

"Wanasema? Nani?"

"Hakuna jina."

"Mkaja kuniuliza mimi mwenyewe." Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akawamiminia chai.

Wiki mbili baadaye, Mama Nanzala alilala asiamke. Wasikilizaji wapendwa, habari hii tumeipata kwa Nangila, aliyekuwa amemshika mkono. Kwako Nangila, na kwa watoto wote wa sebule ile, poleni sana. Mungu awafariji. Nasi tulio na simu mkononi, tukipokea neno lisilo na mwenyewe, tungoje kidogo. Tuulize. Twende tukaone.

Asubuhi ile ya chai, aliwasindikiza watoto mpaka mlangoni, akishika ukuta. Ukungu ulikuwa unainuka.

"Mje tena," aliwaambia. "Hata mkisikia nini, mje kwanza mniangalie."