Zizi Hili Livunjwe

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Mektilda, binti yangu mkubwa, nishike mgongo. Apolonia, mkamwana wangu, mwite mumeo aache hao ng'ombe aje ndani. Umefika, Mayala mwanangu, kaa. Nimesema kaa, usichuchumae kama mtu anayetaka kukimbia.

Mimi Mahona, baba yenu, siogopi kufa, nimekula chumvi nyingi. Ninayemwogopea ni wewe, Mayala. Homa hii hainitishi kama wewe.

Chama cha ushirika kilipokuwa kikinunua pamba tulilalamika kila msimu, lakini tulilima kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, ngoma mbele majembe nyuma, na jua likizama mtu anarudi kwake anacheka. Walipoingia wanunuzi binafsi kila mmoja akajifungia na shamba lake, mbegu atafute mwenyewe, dawa ya wadudu atafute mwenyewe, bei aisikilize redioni roho ikiwa juu. Wewe ukapitiliza. Ukawakusanya ng'ombe wote niliowaweka kwa ndugu zetu kule Zagayu na Sola, ukawajaza zizi moja hapa nyumbani ili uitwe mfugaji mkubwa, na sasa mbwa akibweka tu unatoka na mkuki, mvua ikichelewa huli, na juzi nilikuona umesimama katikati ya pamba unaongea peke yako.

Baba yenu mdogo Ngassa alianza hivyo hivyo. Aliacha kula, akaacha kusalimia watu, na asubuhi moja tukamkuta shambani amekufa, amekunywa dawa ya pamba. Watu wakasema karogwa, wakapiga ramli, wakamfukuza kijijini bibi wa watu asiye na kosa. Uongo mtupu. Ngassa alielemewa, na kijiji kizima kilikuwa kinamsifu kwamba ni mchapakazi.

Basi shikeni ninayosema. Zizi hili livunjwe. Ng'ombe warudi kwa ndugu, wawatunze na wanywe maziwa, ili ukame au wezi wakija wasiwakute wote mahali pamoja, na Mayala abaki na wale anaoweza kuwachunga bila kukosa usingizi. Shamba la bondeni ni la Mektilda, na asije mtu hapa akasema mwanamke harithi. Mayala, usininunie, sikunyang'anyi, nakutua mzigo. Dawa ya pamba aifungie Apolonia, ufunguo akae nao yeye. Ukizidiwa, mwambie mkeo, mwambie dada yako, nenda zahanati, hakuna aibu. Na ninyi mkimwona amenyamaza, msimtafute mchawi. Kaeni naye.

Mkishanizika, asishike mtu jembe mpaka matanga yaishe, hata mvua ikinyesha, hata jirani akiwatangulia kupanda. Mungu awape chakula, awape watoto, awape na usingizi. Nilitaka kuwatemea mate ya baraka... kinywa kimekauka. Pokeeni hivyo hivyo.

Pumzi inakata. Mayala, usitazame mlango. Dada yako atawaangalia ng'ombe. Vua viatu, mwanangu... lala hapa kando yangu, kama ulipokuwa mdogo. Funga macho. Nataka nikusikie ukikoroma... kabla sijaenda.