Mzee Arístides na Timu ya Themanini na Tisa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Santa Elvira, na ninyi wazee wa kijiwe mliojibanza kule nyuma kivulini, mimi ni Oristela, binti mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake, mnisamehe sauti, tumekesha bila umeme na nimechoka.

Marehemu Arístides Bermúdez Lugo alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 hapa hapa Santa Elvira, mkoa wa Matanzas, mtoto wa tatu wa Mzee Fermín, mkata miwa, na Mama Caridad, akasoma shule ya msingi ya kiwandani, kisha akapelekwa Cárdenas kusomea ufundi wa mitambo, akahitimu mwaka 1965, na mwaka huo huo akaajiriwa kwenye kiwanda chetu cha sukari, alikotunza mashine za kukamua miwa mpaka kilipofungwa mwaka 2002. Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na mama yetu Hilda, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2015, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Yamila aliyeko Tampa, na Fermín aliyeko Madrid, na hao wawili wanatusikiliza kwa simu kama mtandao utakubali.

Sasa nifike kwenye besiboli, maana nikiiruka mtasema nimemzika mtu mwingine. Mwaka 1974 timu ya kiwanda chetu ilitwaa ubingwa wa viwanda vya sukari, mrusha mipira wake akiwa Erasmo Sotolongo, Mungu amrehemu, na mwaka 1989 vijana wengine wakautwaa tena kwa kupiga mipira iliyovuka ukuta na kupotelea kwenye miwa, na tangu hapo, kila asubuhi, kwenye mabenchi ya mbele ya duka la mkate, wazee hawa wamebishana ipi ilikuwa timu bora, baba na rafiki yake wa utotoni, Mzee Nivaldo, mdogo wake Erasmo, wakitetea ya sabini na nne, Osmani kinyozi na wenzake wakitetea ya themanini na tisa, na mimi nikiwachemshia kahawa, ilipokuwepo, huku nikisikia hoja zile zile mpaka nikaziota.

Mchezo wenyewe ulikuwa unanyauka huku wao wakibishana, chipukizi wetu wakiondoka nchini kabla ndevu hazijaota, uwanja wa kiwanda ukawa malisho ya mbuzi, watoto wakahamia kwenye soka, na watetezi wa themanini na tisa wakapungua mmoja mmoja, wengine makaburini, wengine ng'ambo, mpaka wa mwisho, Osmani, akapanda ndege Februari 2022. Asubuhi iliyofuata walibaki wazee wa sabini na nne watupu, wakakubaliana kwa kila jambo, na kahawa haijapoa walikuwa wameshaanza kunyanyuka, ndipo baba akasema, macho yakiwa chini, "Jamani, mimi nimefikiri upya. Ya themanini na tisa ilikuwa kali zaidi."

Walimzomea mpaka adhuhuri, lakini Mzee Nivaldo yalimwingia moyoni, akamwambia, "Umemuuza kaka yangu, Arístides, na yeye hawezi kukujibu," na tangu siku hiyo hakumsalimia tena, ingawa kijiweni alifika kila siku, akimjibu kwa kuwageukia wengine, mwambieni huyo hivi, mwambieni huyo vile. Nilimuuliza baba jikoni kama amerukwa na akili, akaniambia, "Binti yangu, Erasmo hana mfano. Lakini tukikubaliana wote, nani atatoka nyumbani kesho?" Akanikataza kumwambia Nivaldo, kwa sababu akijua, hatabishana tena kwa moyo wote. Iliniuma sana kuwaona hivyo.

Novemba mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa mara mbili hospitali ya mkoa, Mzee Nivaldo hakwenda kumwona, na Jumanne wiki hii, saa moja asubuhi, baba alifariki akiwa kitandani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa kidogo walichokuwa nacho, majirani waliotuletea mishumaa na unga, na wenzake wa kiwandani waliolibeba jeneza.

Asubuhi hii, mbele ya jeneza, nilimweleza Mzee Nivaldo ukweli wote, akakaa ameinamisha kichwa, wenzake wakaanza kusema hapajatokea timu kama ya sabini na nne, wakaafikiana, wakanyamaza, na ule ukimya ulinitisha kuliko kifo chenyewe. Ndipo Mzee Nivaldo akainuka, akaweka mkono juu ya jeneza, akasema, "Erasmo ni damu yangu, lakini wale vijana wa themanini na tisa wangeipiga mipira yake mpaka aombe maji."

Wakamrukia wote kwa maneno mpaka tukaombwa kupunguza sauti, wanabishana mpaka sasa, ninawasikia, wao hawanisikii, na ninyi wengine mlioisikia siri hii, jifanyeni hamkuisikia.

Pumzika kwa amani, baba, Mzee Nivaldo amepokea zamu.