Sidi Rai, Aliyeuliza kwa Adabu

Wachungaji, wazee wetu, jamaa wa Taru na Kikoneni, majirani wa Ukunda, na ninyi wafanyakazi wenzake mliofunga safari kutoka Mombasa: poleni na msiba, na ahsanteni kwa kufika. Mimi ni Elijah Rai, mdogo wake marehemu. Ninayoyasoma ndiyo yaliyochapwa kwenye kijitabu mlicho nacho. Mengine tumeyaandika sisi, na mengine aliyasema mwenyewe akiwa kitandani, akatuapisha tusiyapunguze. "Msinipake asali nikishakufa," alisema. "Mtaniletea nzi bure."

Sidi Rai alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Taru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Rai na Mama Mbeyu, ambaye leo ameketi hapa mbele yetu kumzika mwanawe. Alipewa jina la nyanya mzaa baba, na wazee walidai kwamba alirithi na ukaidi wake. Boma letu lilikuwa na wanawake wanne tuliowaita mama. Mtoto akilia, aliyemsikia kwanza ndiye aliyembeba, na akikosea, aliyemwona kwanza ndiye aliyemchapa. Hatukuwahi kuulizana nani amezaliwa na nani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1986 katika shule ya msingi iliyo karibu na barabara kuu. Wanaomkumbuka wakati ule wataikumbuka asubuhi alipokuwa darasa la nne, mwalimu alipoita majina na kumwandikia jirani yake kuwa ametoroka shule. Sidi alisimama. "Hajatoroka, Mwalimu. Ana homa." Mwalimu akamwambia daftari lina mahali pa aliyefika na asiyefika, pa homa hakuna. Sidi akasema, "Basi daftari hilo halijakamilika." Alifagia uwanja wa shule wiki nzima, na mimi nilimsaidia, kwa hiyo nina haki ya kulalamika hata leo.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, akasoma sekondari huko Kwale hadi 1997, kisha akasomea uuguzi na kufuzu mwaka 2001. Mwaka uliofuata alipangiwa zahanati moja ya mashambani, upande wa Kikoneni, akakaa huko miaka minane. Watu wa huko walimpenda. Alikuwa muuguzi mwenye mdomo, lakini mikono yake ilikuwa laini, na mgonjwa hujali mikono zaidi.

Huko ndiko alikokutana na Kahindi Sanga, fundi wa pampu za maji, aliyeletwa zahanati na jino. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2004, na Mungu akawajalia watoto wawili, Judy na Sanga. Kahindi alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 9 Mei 2015. Tangu siku hiyo Sidi alikuwa baba na mama, na kazi aliyokuwa nayo haikuwa tena kazi ya kuacha kwa hasira.

Kazi hiyo aliianza Februari 2010, katika kampuni kubwa ya bima ya afya yenye ofisi Mombasa. Walitafuta wauguzi, kwa sababu muuguzi anaijua lugha ya daktari. Alihamia Ukunda, na kila alfajiri akavuka kivuko cha Likoni kwenda kukaa mbele ya kompyuta. Cheo chake kilikuwa ofisa wa idhini. Hospitali ilipotaka kumpasua au kumlaza mwenye kadi, iliandika maombi, na Sidi au wenzake ndio waliokubali au kukataa.

Huku nyumbani tulijivuna. Tukidhani kwamba Sidi anatibu watu kwa simu, tulimpelekea barua za hospitali hata kwenye harusi, akawa anazisoma na sahani ya pilau mapajani. Hatukujua ilivyokuwa kule ndani. Kila ombi lilikuwa na saa yake inayohesabu kwenye kioo. Kila simu ilirekodiwa, na kila mwezi mtu alikaa kuzisikiliza na kuwatolea wafanyakazi maksi. Walikatazwa kumwambia mgonjwa pole, eti neno hilo linaweza kuchukuliwa kuwa kampuni imekiri kosa. Sidi alituambia kuwa hilo lilimchukua mwaka mzima kulizoea. Kwetu Pwani, mtu asiyekupa pole unaanza kumdhania mchawi. Alikuja kulizoea hata hivyo, na siku moja Mama aliungua mkono kwa chungu, Sidi akamtazama akauliza, "Umeungua saa ngapi?" Mama alilia kwa swali lile kuliko kwa moto.

Sasa nafika alipotuapisha.

Siku ya Jumatatu, tarehe 16 Agosti 2021, lilimfikia ombi kutoka hospitali moja ya binafsi. Mgonjwa aliitwa Bi Mishi Abubakar wa Msambweni, mwenye kisukari, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimeanza kuoza. Daktari alitaka kumpasua siku ileile. Bi Mishi alikuwa amewekwa kwenye bima na Luqman, mpishi wa hoteli moja ya Diani, ambaye mpango wa mwajiri wake ulimruhusu kumwandika mzazi mmoja. Kwenye fomu Luqman aliandika: mama.

Karatasi zote zilikuwa sawa. Kulikosekana jambo dogo tu, nambari ya simu ya hospitali iliyofutika, ndiyo maana Sidi akampigia Luqman. Mwenzake wa bara angeuliza nambari na kukata. Sidi alikuwa mtu wa huku. Alimsalimu, akamuuliza hali ya nyumbani, akamuuliza mgonjwa ameamkaje, na katika mazungumzo hayo ya adabu akauliza kama tunavyouliza wote tukitaka kumjua mtu vizuri: "Huyu Bi Mishi ni mamako wa kukuzaa?"

"La, dada," Luqman alimjibu. "Mama aliyenizaa, Hanifa, alifariki nikiwa wa kunyonya. Huyu ni dada yake, mama mkubwa. Ndiye aliyenilea. Mimi mama mwingine simjui."

Sidi alituambia kuwa hapo alitamani kuyarudisha maneno ya yule kijana mdomoni mwake. Kwa desturi ya kwetu Luqman alikuwa amesema kweli mara mbili, kwenye fomu na kwenye simu. Kwa kanuni za kampuni, mama ni aliye kwenye cheti cha kuzaliwa, na aliyeandika mwingine amedanganya. Simu ilikuwa imerekodiwa.

Alikwenda kwa msimamizi wake akamweleza. Akamwambia kwamba huku mama mkubwa ni mama, hata mirathi na ndoa zinamtambua. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulimuuliza wewe, au alikwambia mwenyewe?" Sidi akasema, "Nilimuuliza mimi." Msimamizi akasema, "Basi ungejua usingeuliza. Sasa tumeshajua wote." Dakika kumi na nne baadaye Sidi alibonyeza kukataa, kwa mkono wake. Alituagiza tuseme hivyo, kwamba ni kwa mkono wake, na kwamba angeweza kukataa kubonyeza, hata kama ombi lingepewa mwingine.

Jamaa wa Bi Mishi walihangaika siku kumi na moja kutafuta pesa. Alipopasuliwa, sumu ilikuwa imeshapanda. Alifariki Msambweni tarehe 2 Septemba 2021.

Sidi aliyajua hayo kwa kuwa alikuwa akiifungua faili ile kila asubuhi kabla ya kazi. Siku ya arobaini alivaa buibui la kuazima, akaenda Msambweni peke yake. Esha, mke wa Luqman, alimkaribisha bila kumjua, akampa mkeka, na Sidi akakaa na wanawake akichambua mchele. Baada ya dua aliomba kumwona mwenye nyumba. Luqman alitoka, na Sidi akasema, "Asalaam aleikum, kaka."

Hakufika mbali. Luqman alimwambia, "Sauti hii naijua. Ni wewe uliyeniuliza kwa adabu." Kisha akasema, "Ungeniuliza kwa ukali, dada, ningeshtuka, ningekuficha. Ulinisalimu kama mtu wa nyumbani, nami nikakujibu kama mtu wa nyumbani." Sidi aliomba radhi. Luqman hakupandisha sauti. Alimwagiza Esha ampe maji ya kunywa, akasubiri ayamalize, akamwambia aende salama na asirudi tena.

Hakurudi. Aliandika barua kila mwaka, hakujibiwa. Aliendelea na kazi, na najua wako hapa wanaojiuliza kwa nini. Judy na Sanga walikuwa bado wanasoma. Kuuliza alikuwa ameacha. Nambari ikikosekana, aliitafuta kwa njia nyingine, na mwaka 2023 alipewa barua ya onyo kwa kupitisha maombi bila kuhoji. Aliileta hapa Taru, akatuonyesha kama mtoto anavyoonyesha cheti. Ndiyo siku pekee katika miaka ile niliyomwona akicheka mpaka meno ya nyuma.

Uvimbe kwenye titi aliuona mapema kuliko alivyotuambia. Muuguzi aliyewahimiza wanawake wa Kikoneni wajipapase kila mwezi alinyamaza na wake karibu mwaka mzima. Aprili 2024 alipopelekwa hospitali, ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Hospitali iliomba idhini kwa kampuni yake mwenyewe, na jibu la kukubali lilirudi baada ya dakika kumi na tisa. Nilikuwapo. Nilimshika bega nikasema, "Mshukuru Mungu, dada, wamekubali." Alilia kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Alisema, "Elijah, wanaweza. Unaona? Siku zote walikuwa wanaweza."

Alitibiwa miezi kumi na moja, wala hakukosa dawa hata siku moja. Mwezi wa mwisho aliomba aletwe nyumbani. Alifariki hapa Taru, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, siku tatu kabla ya kutimiza miaka arobaini na sita. Mama Mbeyu alikuwa amemshika miguu, na Judy alikuwa akimsomea zaburi. Kwa tunayoyajua, alikufa akisubiri barua kutoka Msambweni.

Ameacha mama yake mzazi, Mama Mbeyu, na mama zake wawili wengine wa boma hili walio hai. Ameacha watoto wake, Judy na Sanga. Ameacha ndugu watatu, nikiwa mimi wa mwisho na mwenye kelele zaidi, pamoja na wakwe zake wote wa ukoo wa marehemu Kahindi. Ameacha pia wagonjwa wengi ambao hawatajua kamwe nani aliwapitisha.

Jambo moja limebaki. Jumatano iliyopita, kabla hatujachapa kijitabu hiki, nilikwenda Msambweni na karatasi hizi, kwa kuwa si vyema kuusoma msiba wa mtu hadharani bila ruhusa yake. Luqman alizisoma zote akiwa amesimama mlangoni. Nilimuuliza kama yuko tayari kumsamehe marehemu kabla hajazikwa. Alisema, "Siwezi kusema nimesamehe, kaka. Nitakuwa namdanganya maiti." Nikakunja karatasi zangu niondoke. Akazishika. Mahali fulani tulikuwa tumeandika kwamba Bi Mishi alikuwa mama mkubwa wa Luqman. Aliweka kidole hapo. "Mkitaka kusoma, someni," alisema. "Lakini hapa parekebisheni. Dada yako ndiye aliyetaka karatasi iseme kweli, si ndiyo?"

Tumerekebisha. Imechapwa hivi, na ninaisoma mbele ya Mungu, mbele yenu, na mbele yenu ninyi wa kampuni mlioketi pale kwenye viti vya nyuma: Bi Mishi Abubakar, aliyefariki Msambweni tarehe 2 Septemba 2021, alikuwa mama yake Luqman.

Imeandikwa, dada. Lala sasa, Mungu akupe amani.