Safari Isiyo na Kibuyu

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mwaka umefunguka, mvua imetujia vizuri, na magugu yamefurahi kuliko uwele. Sitawachelewesha. Mwenye shamba la leo amenipa nafasi niseme kabla hatujashika majembe, na naona ameshaanza kujuta, maana anaujua mdomo wangu.

Wengi mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ndiye ninayewaamsha alfajiri. Kabla ya reli nilikuwa kirangozi, mtu wa mbele katika msafara. Nikisimama wapagazi wanasimama, nikitua wanatua. Kulipopambazuka nilipaza sauti, "Haya, safari!" nao wakaitikia, "Safari!" wakajitwisha mizigo. Na kabla hatujaingia Mgunda Mkali, lile pori la magharibi ambalo maji yake ni ya kubahatisha, nilimpitia kila mpagazi nikigonga kibuyu chake kwa kidole. Kikilia kitupu, hatoki mtu. Nilikuwa mkali, nawaambia. Wapo waliovificha vibuyu vitupu kwa kuona haya, nami niliwasema mbele ya wenzao mpaka wakakosa pa kuweka uso.

Kisha Wadachi wakaleta reli hapa Dodoma. Gari moshi lilipopita mara ya kwanza nilicheka. Nikasema, chombo hiki hakijui visima viko wapi, kitafia njiani. Kumbe kilikuwa kimechimbiwa visima vyake. Tangu hapo hakuna mfanyabiashara aliyenitafuta. Wenzangu wengine walirudi kwao Unyamwezi, wengine wakafuata kazi ya tuta la reli huko mbele. Mimi nilikuwa nimeoa hapa na mke wangu nimemzika hapa. Nikabaki na kishamba changu nyuma ya tembe.

Lakini kuita sikuacha. Kila alfajiri natoka mlangoni, "Haya, safari!" Hakuna mzigo, hakuna msafara. Majirani walinung'unika. Mmoja alinitupia kigae cha chungu, na sasa ameketi hapo mbele anacheka.

Mwaka jana, siku kama hizi, niliacha. Si kwa sababu ya kigae. Niliamka nikafungua mdomo, nikajiuliza, namwita nani? Nikarudi kulala. Siku zikawa hivyo. Chakula kikakosa ladha, magugu yakafika mlangoni nikiyatazama tu. Na mwaka mpya ulinizidishia maumivu, kwa kuwa kila mtu alikuwa na la kuanza. Watu walipita na majembe wakipanga mavuno, wakinisalimu. Naitika, "Sijambo," natabasamu, kisha nafunga mlango.

Nitasema wazi, maana ndicho kilichonisimamisha hapa. Asubuhi moja niliamua kwenda Mgunda Mkali nikalale huko, nisirudi tena. Nilikunja mkeka wangu, nikashika fimbo yangu ya zamani, nikafungua mlango. Nje nikamkuta jirani yangu, mama mtu mzima, jembe begani, amenuna.

"Kirangozi, leo wiki ya tatu huiti," akasema. "Nalala mpaka jua linaniingia machoni. Magugu yangu utayapalilia wewe?"

"Nisamehe, mama. Nimechoka kidogo."

"Na mkeka huo?"

"Natembea kidogo huko magharibi. Nitarudi."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Halafu akauliza, safari hii kwa upole, "Kibuyu chako kiko wapi?"

Nikajishika kiunoni. Hakipo. Mimi ambaye hata kuni sikuwahi kuziendea bila kibuyu.

"Marehemu mume wangu ulimrudisha kambini mara mbili kwa sababu ya kibuyu," akasema. "Na wewe unakwenda Mgunda Mkali mikono mitupu. Huko unakokwenda huna nia ya kurudi. Nidanganye kama utaweza."

Sikuweza. Niliketi pale kizingitini nikalia, mwanamume mzima mwenye mvi. Hakuniambia ninyamaze. Hakuniambia wako walio na shida kunizidi. Alitua jembe lake, akakaa chini kando yangu, akasema, "Haya, nieleze." Nikamweleza yote, la reli, la mke wangu, la kufungua mdomo nikakosa wa kumwita. Jua likapanda, na magugu yake yakaendelea kuota. Nilipomaliza aliingia ndani, akachota maji mtungini, akaninywesha. Akatafuta kibuyu changu, akakijaza, akanifunga mwenyewe kiunoni.

"Leo utapalilia pembeni yangu," akasema. "Kesho utaita."

Ndugu zangu, sikupona siku ile, asiwadanganye mtu. Kesho yake nilitoka nikaita, sauti ikatoka imekwaruza kama ya chura. Nikasikia mtu akicheka ndani ya tembe lake. Nikataka kurudi kulala. Mara kutoka upande wa pili mtu akaitikia, "Safari!" Kisha mwingine. Kisha huyo aliyecheka. Nikatambua kwamba walikuwa wakiisubiri sauti yangu muda wote. Nilikuwa na msafara, ila sikuwa nimeutazama.

Huzuni ilirudi mara nyingi, na bado hurudi. Tulichofanya ni kupatana. Alfajiri ikipita kimya, mtu aje kugonga mlango wangu kabla hajakwenda shamba. Na nikiwa siwezi, bwana wa kigae ataita badala yangu. Mmemsikia. Akiita yeye, hata mbuzi hawataki kutoka zizini. Lakini huita, na namshukuru.

Nawashukuru nyote mlionipigia hodi. Na yule mama yupo hapa. Amenikataza kumtaja, na hivi sasa anajifanya anakaza mpini wa jembe. Mama, umenirudisha kambini. Shikamoo.

Na wale wapagazi wangu wa zamani, niliwakosea. Laiti nisingewaaibisha, wangesema mapema. Mtu aliyeishiwa aseme tungali kambini, kisima kikiwa karibu, tumchotee bila kumcheka. Akinyamaza mpaka katikati ya pori, hata anayempenda hana cha kumpa. Mimi niliyajua haya miaka yote, na siku kibuyu kitupu kilipokuwa changu, nilikificha kama wao. Basi mwaka huu tukiulizana hali, tusiridhike na "sijambo" ya haraka. Tukae kidogo, tuulize tena.

Nimemaliza, shikeni majembe. Ila nina neno moja dogo. Leo alfajiri nilipoita nilisikiliza majibu, kama ninavyosikiliza kila siku. Nayajua yote, tembe kwa tembe. Moja halikuja, na jana pia halikuja. Sitamtaja, wala asiinamishe kichwa. Ngwe ya pembeni yake leo nitaishika mimi. Nina kibuyu, na kimejaa.